Kibuyu cha Bi Paka na Tope la Meremeta

Hadithi, hadithi!

Njoo!

Ipite wapi?

Ipite mtoni!

Ikimkuta aliyelala?

Imwamshe!

Haya, sogeeni basi. Na wewe uliyekaa mlangoni, acha kucheka, kisa hiki si cha kucheka. Nimekisimulia mara nyingi, na kila nikifika mahali fulani mwili hunisisimka. Mkiniona nimenyamaza, mnajua nimefika hapo.

Zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakiazimana chumvi dirishani, palikuwa na mji juu ya Mto Chekea. Mji huo uliitwa Meremeta. Watu wake walikuwa wasafi. Wasafi kweli, si wa kusema tu! Sufuria zao zilisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka mtu akitaka kujitazama uso anajitazama humo. Nyua zao zilifagiliwa kabla jogoo hajashuka mtini, na jogoo mwenyewe akishuka anafuta miguu.

Na walikuwa na desturi yao. Nyumba yoyote ikingoja wakwe, mji mzima unasugua. Si nyumba ile peke yake. Jirani anasugua, na jirani wa jirani anasugua, mpaka nyumba ya mwisho kule bondeni, ili mkwe akipita asione mahali pa kukunjia pua. Siku hiyo waliiita Siku ya Kusugua.

Katika wasafi wote wa Meremeta, aliyewapita wenzake alikuwa Bi Paka. Alijilamba asubuhi, akajilamba mchana, na jioni akaanza upya kama vile hajawahi kujilamba maishani mwake. Tena alisifika kwa jambo jingine, nalo ni mtindi. Alikuwa na kibuyu alichorithi kwa bibi yake, cheusi kwa moshi wa miaka mingi. Mtindi wa kibuyu kile ulikuwa mzito, mtamu, mtu akionja ananyamaza kwanza ndipo aseme. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Hata Bata, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikitazama kwa mbali tu.

Sasa sikilizeni habari ya mabwawa.

Maji yote machafu ya Meremeta, ya jikoni, ya bafuni na ya chooni, yalishuka kwa mfereji hadi nje ya mji. Huko yalikuta fito zilizosimamishwa kama chaga la kitanda, zikazuia matambara na maganda. Halafu yakaingia bwawa la kwanza. Bwawa hili lilikuwa la tope jeusi, na mapovu yakipanda pole pole kutoka chini, bu, bu, bu. Yakatoka hapo yakaingia bwawa la pili, lililokuwa la kijani na kuota jua kutwa. Yakatoka hapo yakaingia bwawa la tatu, lililojaa matete na vyura. Yakipita matete, yanaingia Mto Chekea yakiwa maji hasa. Mto unayachukua unashuka nayo hadi kijiji cha Mkondoni, na watu wa Mkondoni wanayanywa, wanapikia, wanaoga.

Yaliingia uchafu, yakatoka maji. Yanafanyaje? Hakuna aliyejua, na kwa kuwa ilikuwa hivyo miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyeuliza.

Mlinzi wa mabwawa alikuwa Ngiri. Msidhani alikuwa mzee wa busara, la! Alikuwa mnunaji, mzito wa kuoga, ukimsalimia anajibu akijisikia. Kazi yake ilikuwa kuondoa matambara kwenye fito, kisha kulala topeni mpaka jua litue. Ukimuuliza habari za mabwawa alikuwa na wimbo mmoja tu, aliofundishwa na babu yake:

*Usisugue, usisugue,*
*chini kuna wenye njaa.*
*Huwaoni, nao wanakula.*
*Ukiwaua, nani atakula?*

"Hao wenye njaa ni akina nani?" watu walimuuliza.

"Sijui," alisema Ngiri. "Sijawaona." Akageuka upande wa pili akalala.

Basi. Bi Paka alikuwa na binti mmoja tu, Kibibi, naye aliolewa kule chini, Mkondoni, katika ukoo wa Kimburu, paka wa porini. Siku moja habari zikaja zikipanda mto. Kibibi amejifungua watoto watatu! Wawili wa kiume, na wa mwisho, mdogo kuliko wote, wa kike. Na huyo wa kike amepewa jina la bibi yake. Jina la Bi Paka lilikuwa Somoe, na mtoto naye akaitwa Somoe.

Lo! Bi Paka alifurahi mpaka akasahau kujilamba. Kila aliyepita alisimamishwa. "Umesikia? Nina somo! Somo yangu yuko Mkondoni. Mwezi ukiandama, wakwe wanamleta pamoja na mama yake, nimwone kwa macho yangu."

Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake. Siku ya harusi ya Kibibi, mama mkwe wake, Bi Kimburu, alipita karibu na mabwawa wakati upepo ukivuma kutoka upande ule. Akasimama, akakunja pua, akauliza mbele ya watu wote, "Jamani, kuna nini kilichokufa hapa?" Neno lile lilimkaa Bi Paka rohoni. Akilala lipo, akiamka lipo.

Akaenda kwa Jumbe Mwekwa, binadamu aliyetawala mji ule.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, Bi Paka. Hongera ya wajukuu."

"Ahsante. Jumbe, wakwe zangu wanakuja. Nimekuja kuomba Siku ya Kusugua."

"Hilo lako, ni haki yako."

"Mara hii naomba na mabwawa nayo yasuguliwe. Mji msafi kama huu, Jumbe, unanuka! Wageni wanatucheka wakifika kwao."

Jumbe Mwekwa alikuwa mtu wa kupenda sifa. Aliposikia wanachekwa, akasimama. "Yasuguliwe! Tena yasuguliwe mpaka chini."

Mji mzima ukashuka bondeni na majembe, ndoo na mifagio. Siku ya kwanza walilichota tope la bwawa la kwanza. Wakalipeleka wapi? Subirini mshangae. Walilisukumia mtoni, liende zake! Ngiri akasimama mbele yao akaimba, "Usisugue, usisugue, chini kuna wenye njaa." Wakamcheka.

Siku ya pili walichemsha magadi mapipa kwa mapipa, wakamimina kwenye bwawa la kijani. Ukijani ukafa, ukawa mweupe, ukaelea. Ngiri akaimba tena, sauti imepanda. Wakamtupia maganda ya ndizi.

Siku ya tatu waling'oa matete yote wakayachoma moto. Vyura wakahama wakilia. Safari hii Ngiri hakuimba tu, alijilaza mlangoni mwa bwawa la tatu kwa mwili wake wote, tope limemkauka mgongoni. "Yaacheni!" akafoka. "Babu yangu alisema yasiguswe!"

"Kwa nini?" akauliza Bi Paka.

"Sijui kwa nini," akasema Ngiri.

"Hajui!" Bi Paka akawageukia watu. "Mnamwona? Anapenda uchafu tu. Na huyu naye asuguliwe!"

Wakamkimbilia na brashi za chuma. Ngiri akatimua mbio, mkia juu, akapotelea nyuma ya Kilima cha Nyuki akiwa na tope lake mgongoni. Hakuna aliyemfuata.

Meremeta ikanukia sabuni. Mabwawa matatu yakang'aa kama mabeseni. Maji ya mji yaliingia upande huu yakatoka upande ule, moja kwa moja, bila kukawia. Yalitokaje? Hakuna aliyetazama. Wote walikuwa wamewapa mabwawa mgongo, macho yao yako barabarani wakingoja wageni.

Mwezi ukaandama. Bi Paka akapika, akagandisha mtindi, akatandika mkeka mpya. Akakaa kizingitini. Jua likapanda, likasimama, likashuka. Wageni hawakuja.

Kesho yake akapika tena. Hawakuja.

Siku ya tatu chakula kikachacha. Wakwe wa Mkondoni hawana tabia ya kuvunja ahadi. Akajifunga kanga kiunoni, akafuata mto kuelekea chini.

Hakufika mbali. Alimkuta Kaa juu ya jiwe kavu, miguu juu, tumbo juani.

"Kaa, mbona uko nje ya maji?"

"Maji gani?" Kaa akasema kwa sauti ndogo. "Geuka uyaone."

Bi Paka akageuka. Mama yangu! Mto Chekea ulikuwa mweusi. Mapovu ya sabuni yakielea juu yake, na kati ya mapovu mlikuwa na vitu ambavyo mimi sivitaji mbele ya watu wazima na watoto. Na ile harufu! Bi Paka aliijua. Ilikuwa harufu ya mabwawa ya Meremeta, tena imezidi, imehamia mtoni.

"Mmefanya nini huko juu?" Kaa akamuuliza. Bi Paka akalipita lile jiwe. Akaenda mbele, sasa anatembea upesi.

Akamkuta Kambale. Kambale ni samaki wa tope, hana makuu, anaishi hata pale wengine wasipoweza. Alikuwa ametoa kichwa juu ya maji akitweta.

"Kambale, unatafuta nini juu?"

"Hewa. Chini hakuna. Wenzangu wote wameelea, umewaona? Mmefanya nini huko juu, Bi Paka?"

Bi Paka akawaona hao wenzake Kambale. Walikuwa wamejaa kwenye kona ya mto, matumbo meupe, na nzi juu yao. Bi Paka akakimbia. Yeye ambaye hakukimbia hata siku ya harusi yake, sasa alikimbia, kanga inaburuta matopeni.

Akamkuta mama mmoja wa Mkondoni, binadamu, anapanda njia ya mlimani na ndoo tupu kichwani. Macho yamemwingia ndani.

"Dada, unakwenda wapi na ndoo, na mto uko huku?"

"Nakwenda chemchemi ya mlimani. Ni mbali, lakini mtoni hatuteki tena. Walioteka siku ile maji yalipobadilika, wameumwa matumbo, kijiji kizima. Kuhara na kutapika, kuhara na kutapika. Watu wazima tumepona wengi. Watoto..." Yule mama akamtazama vizuri, akaona mkao wa masikio yake. "Wewe ni mama yake Kibibi?"

Hapo ndipo ninaponyamazaga mimi.

Bi Paka aliingia nyumba ya wakwe bila kubisha hodi. Kibibi alikuwa amelala ubavu, amekonda, mifupa inahesabika. Watoto wawili walikuwa kifuani pake. Walikuwa wawili. Bi Paka akahesabu, akahesabu tena, akainua kona ya mkeka kana kwamba mtoto anaweza kuwa chini yake.

"Somo yangu yuko wapi?"

Bi Kimburu, mama mkwe, ndiye aliyejibu. Alikuwa ameketi pembeni na kitambaa kichwani. "Somo yako hakungoja, mkwe wangu. Mama yake alikunywa maji, maziwa yakakauka. Tukampa mtoto maji kwa ncha ya kidole. Tulidhani tunamsaidia. Tumemzika juzi."

"Maji yapi?" akauliza Bi Paka, na alikuwa anajua.

"Ya mto. Sisi tuna maji gani mengine?"

Kibibi akafumbua macho. "Mama," akasema, "tulikuwa tumeshafunga mizigo. Kadogo kalikuwa kanacheka kakisikia jina lako. Mama, kuna nini huko juu? Kuna nini kilichokufa?"

Jamani! Jamani wenzangu! Neno lilelile la siku ya harusi, na safari hii halikuwa la dharau. Bi Paka akatoka nje. Alikwenda kwenye kaburi dogo nyuma ya nyumba, akakaa hapo kutwa nzima, bila kujilamba hata unyoya mmoja.

Kesho yake akasema, "Nakwenda kuwaletea mtindi. Matumbo yenu yanahitaji mtindi." Akarudi Meremeta kwa njia ya mlimani, kwa sababu hakuweza kuutazama mto tena.

Alipofika hakumsalimia mtu. Akachukua maziwa mabichi kwa Ng'ombe, akayamimina kibuyuni gizani bila kukitazama, akakitundika mahali pake juu ya moto. Akangoja yagande, kama alivyongoja siku zote za maisha yake.

Asubuhi akakifungua. Harufu ikampiga usoni! Maziwa hayakuganda. Yameoza, yamekuwa maji ya buluu na madonge yanayonata. Akachungulia ndani ya kibuyu. Kilikuwa cheupe. Kibuyu cha bibi yake, kilichokuwa na utando wa mtindi ndani tangu siku za bibi, kilikuwa cheupe pe!

Bata akachungulia dirishani, anatabasamu. "Umeona? Nilikuona umeondoka na wasiwasi, nikasema jirani yangu nimfanyie wema. Kimekaa miaka mingi vile, kina ukoko mpaka shingoni! Nimekisugua kwa maji ya moto na magadi, nikakianika juani, nikakisugua tena."

Bi Paka akapandwa na hasira. "Nani amekutuma? Nani amekuambia ukiguse? Ule ukoko ndio unaogandisha maziwa! Mimi nikimimina mapya naacha ya zamani chini, hayo ya zamani ndiyo yanayofanya kazi! Huyaoni yakifanya kazi, lakini yanafanya! Wewe umeona uchafu, ukasugua mpaka chini, ukawaua wote, sasa nani ata..."

Bata akadhani amekabwa na mfupa. Bi Paka amesimama katikati ya jiko, mdomo wazi, kibuyu mkononi, masikio yamelala nyuma. Wimbo wa Ngiri ulikuwa umetoka kinywani mwake yeye mwenyewe, na wala hakuwa akiimba.

*Huwaoni, nao wanakula.*
*Ukiwaua, nani atakula?*

"Bata," akasema taratibu, "jambo hili nilikuwa nalijua. Nalijua tangu utotoni. Bibi yangu alinifundisha nikiwa sijafumbua macho vizuri. Nalifanya kila siku kwa mikono hii." Akakaa sakafuni. "Nimemuua somo yangu kwa jambo ninalolijua."

Bata akaanza kulia, hajui analilia nini.

Bi Paka akaenda kwa Jumbe, akamwambia aite mji. Wakaja wote, wasafi, wananukia. Akawaeleza mto ulivyo. Akawaeleza habari za Kaa, na Kambale, na ndoo tupu, na kaburi. Walishikwa na butwaa. Wengine wakashika vichwa. Jumbe Mwekwa akaanza, "Mimi nilishauriwa tu, ni wewe Bi Paka uliyekuja..."

"Ni mimi," akasema Bi Paka. "Mtanilaumu kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao. Leo kila nyumba ichimbe shimo lake. Tone moja la maji machafu lisifike mferejini. Mimi nakwenda kumtafuta Ngiri."

Akachukua debe, akazunguka Kilima cha Nyuki. Akamkuta Ngiri amelala katika dimbwi alilojichimbia. Alipokimbia alikuja na tope lake mgongoni, akajigaragaza hapo, mvua ikanyesha, na dimbwi lilikuwa jeusi, linatoa mapovu. Bu, bu, bu.

"Mzee Ngiri, nisamehe. Nimekuja kuomba tope la mbegu, nilipande upya bwawani."

Ngiri akafumbua jicho moja. "Hilo debe ni la nini?"

"La kubebea."

"Si ndilo debe lako la takataka? Tope langu si takataka." Akafumba jicho.

Bi Paka akarudi mbio, akaja na sufuria. Ngiri akafumbua jicho. "Hiyo imetoboka. Ungekuwa unataka kuitupa hata hivyo." Akafumba jicho.

Na Ngiri naye, jamani, ana roho ya ajabu! Watu wanaumia kule chini, yeye anachagua vyombo. Lakini mlikuwepo siku ya brashi za chuma? Mimi simtetei, nasimulia tu.

Mara ya tatu Bi Paka alikuja na kibuyu cha bibi yake. Alikibeba kwa mikono miwili. Bata alikuwa ameahidi kumtafutia mtindi wa mbegu kwa shangazi yake, kibuyu kiponywe, kirudie kazi yake. Bi Paka alikuwa amekataa.

Ngiri akafumbua macho yote mawili. Akakitazama kibuyu, akamtazama mwenye kibuyu. "Ukitia tope humu," akasema, "hakitashika maziwa tena."

"Najua."

"Hata ukisugua."

"Sitasugua."

Ngiri akanyanyuka, akajisogeza pembeni, akampisha.

Bi Paka akaingia dimbwini kwa miguu yake minne. Akachota. Akakibeba kibuyu kinachofurika tope kupita katikati ya soko la Meremeta, manyoya yake meupe yamechafuka mpaka kifuani, na watu wakifungua njia huku wameshika pua. Hakumtazama mtu. Akamimina katika bwawa la kwanza, akarudi kuchota, akamimina, akarudi. Siku ya kwanza alibeba peke yake. Siku iliyofuata Bata alimfuata na ndoo yake nzuri ya harusi. Halafu mji wote ukafuata. Jumbe Mwekwa alipanda matete kwa mikono yake, mashina waliyoyatoa kwenye kijito cha mlimani, na hakuna aliyemsifu.

Na kila siku watu waliwapelekea Mkondoni maji ya chemchemi, mapipa kwa mapipa, na Bi Paka akawaambia wakwe zake ukweli wote, neno kwa neno. Bi Kimburu aliusikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Mlango ule haukufunguliwa upesi.

Mabwawa yakakaa kimya. Bi Paka aliketi ukingoni kila asubuhi akitazama lile tope. Hakuna kitu. Wakafungulia maji ya mji kidogo kidogo, kama mgonjwa anavyopewa uji. Hakuna kitu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba wenye njaa wamekufa hawarudi.

Halafu asubuhi moja, katikati ya tope, kitu kikapanda. Bu.

"Povu!" Bi Paka akapiga kelele, mji wote ukatoka nje. "Povu! Wanakula! Jamani, wanakula!"

Baada ya hapo bwawa la pili likaanza kugeuka kijani, pembeni kwanza, halafu katikati. Matete yakashika. Chura mmoja akarudi, akalia peke yake siku kadhaa mpaka wenzake wakamsikia. Masika yakaja yakauosha mto. Na siku moja Kaa akaonekana anapanda mto, upande upande, anakuja kuhakikisha mwenyewe.

Ndipo wakwe wa Mkondoni walipokuja. Walikuja kimya, bila vigelegele. Kibibi mbele, watoto wawili, na Bi Kimburu nyuma. Hawakupita njia ya mjini. Walipita njia ya mabwawa, na Bi Paka alikuwa pale, na kibuyu kimetundikwa kwenye mti wa uzio, cheusi tena, kimejaa tope mpaka shingoni.

Mmoja wa wale watoto, asiyejua lolote, akakunja pua. "Bibi, hapa pananuka!"

Watu wote waliokuwepo wakaganda. Bi Paka akainama. "Pananuka, mjukuu wangu. Siku ukifika hapa ukakuta pananukia sabuni, mkimbilie mama yako, mwambie asinywe maji."

Bi Kimburu alikuwa amesimama palepale aliposimama siku ya harusi. Akalitazama bwawa la tope, akakitazama kibuyu, akajua kilikuwa cha nani na kilikuwa cha nini. Akavuta pumzi ndefu kwa ile pua yake, akaishika ndani, akaiachia.

"Panuke hivyohivyo, mkwe wangu," akasema.

Akamshika Bi Paka mkono uliojaa tope, wakaenda wote kuketi. Kibibi akakiteremsha kile kibuyu, akakipakata kama mtu anavyompakata mtoto mdogo, na hakuna aliyemwambia atajichafua.

Tangu siku ile, Meremeta wana Siku ya Kusugua kama zamani. Wanasugua sufuria, wanasugua sakafu, wanasugua hata jogoo. Wakifika bondeni wanaweka brashi chini. Tope la bwawa likizidi, hulipunguza kwa kuligawa kwenye mashamba, na daima huacha la zamani chini. Kabla ya kulipunguza hujaza kwanza kile kibuyu tope la mbegu na kukitundika.

Mafunzo yake ni haya, nanyi msiyasahau mkifika makwenu. Ukimwaga uchafu wako ukaenda mbali na macho yako, haujakwisha, umefika kwa mwenzako wa chini, na mwenzako huyo huenda ni mtoto wako. Na kitu usichojua kinafanya kazi gani, usikiue kwa sababu kinakunukia vibaya. Uliza kwanza. Usipopata wa kukujibu, tazama jikoni mwako, huenda jibu unalo.

Hadithi yangu nimeitoa mtoni, nairudisha mtoni. Aliye juu akiinywa, amwachie aliye chini, naye aikute safi.

Imefika?

Imefika!